Mbwa Aliyekataa Sukari

Kambale mkavu akichemka, harufu yake haibishi hodi. Juzi nilipita jikoni kwenye hoteli yangu hapa Sumbawanga, hoteli niliyoijenga mwenyewe, mimi wa darasa la nne, mpishi akafunua sufuria, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nimemkumbuka Askari.

Askari alikuwa mbwa wetu, kule upande wa Mpui, miaka ile tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wa mchakamchaka. Mbwa mwekundu, mwembamba, sauti kama tarumbeta! Nguruwe pori walioingia shamba la kijiji waliijua sauti ile. Basi, kipupwe kimoja, ubaridi wa Ufipa ule wa kupasua midomo, Askari akaacha kula. Anawekewa ugali wa ulezi, anautazama, anaondoka zake.

Mwenyekiti wa kijiji akaja. "Mbwa anayesusa chakula huenda ana kichaa," akamwambia baba. "Hapa kuna watoto wa watu. Kesho asubuhi asipokula mbele yangu, mgambo watammaliza."

"Sawa, mwenyekiti," baba akajibu, macho chini.

Mimi huyo, jikoni! Jamani, nilipika! Nikatia chumvi, akakataa. Nikamwaga mchuzi wa maharage, akakataa. Nikachukua kopo la sukari, ile mama aliyoificha kwa ajili ya Krismasi, nikamnyunyizia. Sukari ya enzi zile, unasimama foleni mpaka miguu inakufa ganzi! Askari akageuza uso.

Dada yangu Anastazia alicheka mpaka akashika ukuta. "Mletee na kikombe basi, bwana mpishi! Labda anasubiri chai."

Bibi, mama yake baba, alikuwa anaota moto. "We mtoto, unaupikia mdomo wako," akasema. "Mbwa hali kwa ulimi. Hebu mtazame pua."

Nikamtazama. Makamasi yamekauka, matundu yote mawili yamezibwa kama kwa udongo. Mafua! Nyumba nzima tulikuwa tunapiga chafya, tukadhani ni ugonjwa wa watu tu.

Sasa, kwetu mwenye mafua anafukizwa: anafunikwa blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka, atoke jasho, pua ifunguke. Bibi alitaka kuchuma majani. Nikasema hapana, majani mbwa atayafanyia nini? Alfajiri nikamteremsha kambale kutoka darini, aliyeletwa kutoka Mtowisa, kule bondeni Ziwa Rukwa, nikamchemsha mpaka nyumba nzima ikaamka. Wazo hilo lilikuwa langu, asikudanganye mtu! Nikamfuta Askari pua kwa kitambaa cha maji ya moto, nikaingia naye ndani ya blanketi la baba, mimi, mbwa na chungu.

Mwenyekiti alipofika alikuta blanketi lenye mkia, linapiga chafya.

"Huyo ndiye mbwa au ndiye mtoto?" akauliza.

Kabla hajajibiwa, Askari alichomoka. Pua inacheza, inacheza! Baba alikuwa ameshaupoza ugali uliomwagiwa mchuzi wa kambale. Askari hakutafuna. Alimeza, akalamba sahani mpaka ikagonga ukuta, akamgeukia mwenyekiti kumwomba zaidi.

"Kichaa gani hiki," mwenyekiti akasema, anacheka. "Hii ni njaa." Mgambo wakarudi kwao.

Mimi nililalamika. "Mbona hata hajaonja?"

"Alimaliza kuonja huko ndani ya blanketi," Bibi akajibu.

Nilitamba kijiji kizima, na bado natamba. Lakini jambo moja lilinifikia nikiwa mtu mzima, nilipolala na mafua mabaya, mke wangu akaniletea nyama nzuri nikahisi natafuna karatasi. Nikaweka sahani chini. Kumbe siku zile zote Askari hakuwa amesusa. Alikuwa na njaa, anakuja, anainama, na kila tulichomwekea, hata ile sukari yetu ya Krismasi, kwake sahani ilikuwa tupu.