Siku Klavye Ilipokataa Herufi A

Asubuhi ile klavye ya kompyuta yangu ilikataa kuandika herufi A, na bila A huwezi kuandika jina la mtoto hata mmoja wa kijiji chetu, Kalembe.

Kompyuta hiyo ya kubebeka nilirudi nayo kutoka Kampala, pamoja na diploma ya informatiki, somo la kompyuta, niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha magari miaka minne. Tangu kwetu hadi ndani kabisa ya Walikale, simjui mwingine mwenye karatasi kama yangu. Niliitundika ukutani mwa kibanda changu cha kuchapa, juu ya meza, mahali ambapo mteja hawezi kukosa kuiona.

Mama mkuu wa shule ya msingi alikuwa amekaa mbele yangu na daftari lake. Orodha ya watoto wa mtihani wa darasa la sita ilipaswa kuondoka na pikipiki kabla ya mvua ya mchana. Ile aliyoiandika kwa mkono ilikuwa imekataliwa kwenye ofisi ya elimu, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Ambaye hayumo angesubiri mwaka mzima.

Nilizima mashine, nikaiwasha. Nilikagua kama klavye imegeuka kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Niliondoa programu inayoiendesha, nikairudisha. Nikapuliza kwa pampu ya baiskeli. A haikutoka, na sasa Q nayo ikafa.

"Kaka, ile mawingu unaiona?" aliuliza dereva wa pikipiki kutoka mlangoni.

Mama mmoja muuza uyoga, mkulima wa msituni upande wa Walikale, alikuwa anangoja fotokopi. Hakutazama kompyuta. Alitazama mguu wa meza.

"Papa Diploma, iko sisimizi banaingia mu mashini yako. Kule Kampala habakukufundisha sisimizi?"

Dereva alicheka hadi akakohoa. Nilichukua dawa ya kupuliza. Yule mama akanishika mkono.

"Ukibauwa, bataoza mule ndani na mayai yabo. Balifuata joto. Zima, weka chini mu baridi. Batahama beneyewe."

Niliizima, nikaiweka sakafuni. Yeye akaomba kipande cha mwanzi, akakipasha kwenye jiko la jirani hadi kikawa vuguvugu, akakilaza sakafuni kando ya kompyuta. Nikapiga magoti kutazama. Mimi!

Alitoka sisimizi mmoja, akaingia kwenye mwanzi, akarudi. Kisha, kutoka pembeni mwa A, wakaanza kutoka kwa mstari, kila mmoja amebeba yai jeupe dogo kuliko punje ya ulezi. Mamia. Wa kwenda na wa kurudi walipishana bila kugongana. Nimesomea jinsi mashine zinavyopanga habari, na sijawahi kuona mpango kama ule. Mama mkuu alipiga magoti karibu nami. Hata dereva alisahau mawingu yake. Karibu saa nzima tulipumua polepole, kana kwamba tuko kanisani.

Wa mwisho alipopita, niliwasha. A. Nikabonyeza tena. A.

Mama mkuu alisoma majina kwa sauti, nami nikachapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, haraka kuliko mtu yeyote wa milima hii. Dereva aliifunga orodha iliyotoka kwenye printa ndani ya plastiki, akaiweka kifuani chini ya koti, akaondoka na matone ya kwanza.

Mama mkuu alibaki mlangoni hadi mlio wa pikipiki ukapotea nyuma ya kilima.

"Bote bameingia," alisema. "Hata ule wa kambi ya bakimbizi, aliyefika juma iliyopita."