Ukimya Kabla ya Wimbo

Rafiki yangu pekee mjini Mbarara alikuwa mchoma nyumba. Mtoto wa mwanajeshi, mzaliwa wa kambi ya jeshi, kazi yake ilikuwa kutia moto na milipuko kwenye filamu za watu kwa kompyuta. Aliweza kuteketeza ghorofa nzima huku chai yake ikipoa mezani. Mimi nilitengeneza makala za redio chumba cha pili cha studio ileile, mtaa wa Kakiika, na kila mchana tulibishana. Yeye alisema kazi ni kuongeza kisichokuwepo. Mimi nilishikilia kwamba redio inataka upunguze mpaka ibaki sauti ya mtu. Alinicheka, akasema ndiyo maana redio hainenepeshi.

Jioni alirudi kwa watu wake. Mimi nilirudi kwenye chumba cha kupanga, nikala nikitazama ukuta. Upweke ule ulinitafuna, sioni haja ya kuuficha.

Mwaka huo nilimrekodi mama nyumbani kwake Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tulipokimbia Kivu Kusini, dada yangu mdogo alifia njiani, tukamzika kimyakimya kwa kuogopa kusikika. Kwetu, watu wa kanisa, maiti haiendi bila wimbo. Ng'ombe haelemewi na nunduye, husema watu, lakini mama alielemewa. Mbele ya kinasa sauti alisimulia mpaka kaburini, akanyamaza muda mrefu, kisha akauimba wimbo wote. Aliomba jambo moja tu: makala irushwe Jumapili, awaalike wanakanisa waimbe pamoja na ile sauti, ili mazishi yakamilike.

Rafiki yangu alipousikia ule ukimya alikunja uso.

"Hapo iko tupu," alisema. "Wacha mimi naweka mvua kidogo."

Nilikataa kwa ukali. Mvua haikunyesha siku ile, na ukimya ule ulikuwa wa mama. Akainua mikono, akarudi kwenye mioto yake.

Jumapili alikwenda kula kwa wazazi wake, nikabaki studio. Wimbo ulipoanza niliimba nao huku nalia, nikiwawaza waliojaa uani kwa mama.

Mama alipiga simu baadaye. Walikuja wengi, alisema, hata waliokuwa wamekosana naye. Ulipofika ule ukimya walingoja, wakatazamana, kisha shemasi mmoja akainuka, akatoa betri na kuzianika juu ya bati, kama tufanyavyo sote redio inapofifia. Ziliporudishwa, walikuta matangazo ya mbegu za mahindi.

"Tulizania pile zimekwisha," alisema. "Wimbo ilipita?"

"Ilipita, mama."

"Na weye uliimba?"

"Niliimba."

"Uliimba na ba nani?"

"Peke yangu, mama."