Uzi Mweusi wa Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa wodi ya wazazi hapa Songea, nimempakata mjukuu wangu wa kwanza, nesi akauchomoa mkono wa mtoto kwenye khanga akanionyesha. Pembeni mwa kidole cha mwisho kilikuwa kinaning'inia kidole kingine, kidogo, laini, chenye ukucha wake kamili.

"Mama, tukifunge?" akaniuliza. "Tukikifunga uzi leo, baada ya siku chache kinadondoka chenyewe."

Aliuliza kama anayeuliza kama chai iongezwe sukari. Mimi nilikaa kwenye benchi nikaanza kulia. Binti yangu akadhani nalilia mkono wa mtoto, ikabidi nimwambie mtoto hana kasoro yoyote. Niliyekuwa namlilia ni mtu mwingine, na kwa kuwa wewe una subira ya kunisikiliza, nitakueleza ni nani.

Nimekulia Mshangano, pembeni mwa mji huu huu, enzi hizo ukitoka mlangoni unakanyaga shamba. Tulikaa kwa Bibi, mama yake baba. Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi, na mama aliuza mitumba sokoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Maduka tuliyoyazoea yakiwa na rafu tupu yalianza kunuka sabuni za kila aina, na marobota ya nguo yalifunguliwa sokoni watu wakigombania kana kwamba zinagawiwa bure. Mama alichukua nguo zake kwa jumla kwa mchuuzi mmoja mgeni, mtu wa mbali, mcheshi. Mchuuzi huyo alikuwa na kidole cha sita, nasi watoto tulipenda kumtazama akihesabu mashati.

Asubuhi za Juni, baridi ikiwa kali, Bibi alinifukia viazi vitamu kwenye majivu ya moto. Nilivila vikiwa bado vinaunguza, nikishushia na uji wa ulezi, nimejibanza kwenye mgongo wake. Kazi yangu ilikuwa kupukuchua mahindi. Yetu yalikuwa meupe, lakini mara mojamoja gunzi lilitokea na punje chache za njano, na Bibi alisema hizo zimeletwa na upepo kutoka shamba la jirani aliyepanda ya njano. Punje hizo zilikuwa zangu, nichezee bao. Nilidekezwa, sikatai.

Kitu kimoja usikisahau. Pembeni mwa kidole changu cha mwisho, mkono wa kushoto, nina kinundu kidogo kama punje ya mtama. Baba naye alikuwa nacho, mahali pale pale. Bibi alituambia ni sunzua. Baba akirudi safari tulisalimiana kwa kugusanisha sunzua zetu, yeye akiinama mimi nikijinyoosha, halafu tunacheka. Mama alikuwa akitutazama. Nadhani tayari alikuwa anajua.

Mimi nilizaliwa nyumbani, mikononi mwa Bibi. Mdogo wangu alizaliwa hospitali, kwa sababu wakati huo mama alikuwa na nafasi kidogo na aliwasikiliza manesi. Aliyekwenda kumhudumia ni shangazi, dada yake baba, mwanamke wa kiti cha mbele kanisani, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto akasikia. Shangazi ndiye aliyemfunua mtoto. Mikono yote miwili ilikuwa na kidole cha sita. Alipofika nyumbani alikuwa ameshamaliza hesabu zake, na jibu lake lilikuwa yule mchuuzi wa mitumba.

Wazee wa ukoo waliitwa. Nilikuwa darasa la kwanza, nimekaa miguuni kwa Bibi.

"Nyumba yetu hii nani ana vidole sita?" shangazi alisema. "Nionyesheni mmoja. Hata mahindi yetu hayatoi punje ya njano mpaka jirani apande ya njano!"

Wazee wakaguna kukubali, maana kwa wakulima hilo halina ubishi. Mama alisimama na kichanga chake, akaja akaushika mkono wangu, akauinua juu.

"Hata huyu alikuwa nacho," alisema, akimtazama Bibi. "Mama alikifunga uzi mweusi, mimi mwenyewe nikiona. Mama, waambie. Na baba yao je? Waambie, mama."

Watu wote wakamgeukia Bibi. Alivuta khanga akaifunika mikono yake.

"Hiyo ni sunzua," Bibi alisema. "Mimi habari ya uzi siijui."

Baba aliutazama mkono wake, akautia mfukoni. Mama yake alikuwa ameshasema, naye hakuwa mtu wa kumbishia mama yake. Siku iliyofuata mama alipanda gari la kwenda kwao Madaba na mdogo wangu mgongoni. Mimi nilibaki, kwa kuwa mimi nilikuwa wa ukoo na nilikuwa na sunzua tu. Jioni ile nilipewa viazi kama kawaida, nami nikavila vyote.

Najua utaniambia nilikuwa mtoto, sikukosa kitu. Nami najiambia hivyo hivyo, na haisaidii. Mdogo wangu alikulia Madaba akiitwa mtoto wa mchuuzi, na mimi nikakulia kwenye joto la nyumba ambayo ilikuwa yake pia. Lori la baba lilipita Madaba kila wiki kwenda Njombe. Hakusimama.

Niliujua ukweli nikiwa sekondari. Mwalimu wetu wa baiolojia alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, ila akitaka tuelewe kweli aliweka chaki chini akasema Kiswahili. Siku hiyo alikuja na gunzi lenye punje nyeupe na njano, darasa zima likacheka. Alisema sifa zinakuja mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama, wala hazichanganyiki kama uji na maziwa. Nyingine ni kama weupe wa mahindi: ikiwa peke yake inajificha, hata vizazi kadhaa, mpaka ikutane na mwenzake. Nyingine ni kama unjano: hata ikiwa moja, inaonekana.

"Kidole cha sita ni kama unjano," alisema. "Ukimwona mtoto anacho, mara nyingi baba au mama alikuwa nacho. Msikimbilie kutafuta mbali. Kaguni mikono ya wazazi, tena muangalie vizuri, kwa sababu wengi hufungwa uzi wakiwa wachanga, kikabaki kinundu tu."

Sikusikia kengele ya kutokea. Nilikuwa naugusa mkono wangu chini ya dawati.

Bibi nilimkuta uani anapukuchua. Niliukunjua mkono wangu mbele yake bila hata ya kumwamkia, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Aliutazama. Kisha akaweka gunzi chini, akaunyoosha mkono wake wa kushoto karibu na wangu. Kile alichokuwa akituambia miaka yote kuwa ni kovu la mundu kilikuwa kinundu kama changu.

"Nilikuja hapa nimeolewa, cha kwangu kikiwa kimeshafungwa na mama yangu," alisema. "Baba yako alipozaliwa nacho niliogopa. Huku kwa babu yako hawakuwa navyo. Wangesema nimemtoa wapi mtoto huyu? Nikakifunga kabla hawajaona, nikakizika kwenye migomba, na chako vilevile. Siku ile ya kikao nilikuwa nasubiri ujasiri, mwanangu. Niliona nikikubali, watasema baba yako si wa ukoo, na wewe pia watakuondoa. Nikasema kesho nitawaambia. Kila siku nikasema kesho."

Kumbe angekunjua kiganja tu. Shangazi alikuwa sahihi kuhusu mahindi. Ila njano ile ilitoka shambani mwetu wenyewe.

Bibi alikwenda Madaba na kuku na unga, akapiga magoti kwa mama. Mama alimwamkia shikamoo, akampikia, akamsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, mama," alisema. "Ila huyu mtoto keshazoea kuwa wa huku." Baba naye alianza kusimamisha lori. Mdogo wangu alikuwa anakuja kumsalimia mikono ikiwa mfukoni, na akipewa biskuti anashukuru kwa mdomo, macho yakitazama pembeni.

Bibi, baba na mama, wote watatu wameshafariki. Nyumba ya Mshangano iliuzwa, migomba ikang'olewa, na juu ya vidole vyetu mimi na baba pamejengwa fremu za maduka. Harufu ya viazi kwenye majivu siku hizi siipati hata nikivichoma mwenyewe. Binti yangu kilimruka, kama kinavyofanya mara mojamoja. Katika ukoo mzima, aliyebaki na alama yetu nzima nzima, mikono yote miwili, ni yule tuliyemwambia si wetu.

Kwa hiyo nilimwambia nesi asubiri, nikampigia simu mdogo wangu. Alifika jioni kwa basi la Njombe, na vumbi la useremala bado kwenye shati. Niliamini atakataa kumpokea mtoto, na ningempa haki. Alimpokea. Akaufunua ule mkono mdogo, akauweka juu ya kiganja chake, vidole sita juu ya vidole sita.

"Dada," alisema, "maisha yangu yote sijawahi kufanana na mtu."

Nesi alipopita na uzi wake, binti yangu akamwambia aurudishe tu.