Mwalimu Mwantumu Akataa Kutoka Barazani

Somo la kwanza la sheria ya ndoa Mwantumu Faraji alilipata kwa baba yake, kwao Handeni, siku mzee huyo alipompa mama yake talaka. Ukoo ulikaa kikao. Mama, Maryamu, ndiye aliyeng'oa visiki katika shamba lile, akapanda michungwa, akaibebea maji kichwani mpaka ikazaa. Alipouliza atapata nini, shemeji yake alimjibu, "Mwanamke ana jembe lake. Shamba ni la ukoo."

Maryamu akatoka na sufuria na mtoto, akaenda kupanga chumba Kilole, mjini Korogwe. Hakulia. Aliyelia ni Mwantumu, tena kwa hasira, akiupiga mateke mlango wa baba yake hadi wakamvuta.

Alilelewa kwa machungwa ambayo mama yake aliyauza stendi, machungwa ya mashamba ya watu wengine. Alipofika chuo kikuu kusoma sheria, wenzake walikimbilia kodi, benki na madini. Yeye akachukua ndoa, talaka na matunzo ya watoto. Gerald, aliyesoma naye na baadaye akawa mkuu wa idara yake, aliiita "sheria ya jikoni."

"Basi usile," Mwantumu alimwambia mbele ya wanafunzi, wote wawili wakiwa tayari walimu hapo chuoni. Muhula mzima hawakusalimiana.

Utafiti wa shahada yake ya uzamivu aliufanyia nyumbani, Korogwe. Mtu anayetaka talaka mahakamani hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kusema limeshindwa, na bila hati hiyo kesi kwa kawaida haisogei. Mwantumu alikaa kwenye mabenchi ya mabaraza hayo, kuanzia Hale hadi Kwashemshi, akisikiliza. Aliandika kwamba yana faida: yako karibu na watu, hayana gharama kubwa, na mke asiyejua sheria anaweza kusema kwa maneno yake. Baadaye akawa anawafundisha wajumbe wake namna ya kusikiliza pande zote, kutokatiza mtu kauli, kuacha mlango wa mazungumzo wazi. Aliipenda kazi hiyo kuliko kufundisha chuoni.

Ndipo alipopeleka wanafunzi wake kwenye kata moja ya Handeni wakaone baraza likifanya kazi.

Aliyeitwa siku hiyo alikuwa Rukaya, mama mkulima, mkono wake wa kushoto uliovunjika umefungwa bendeji. Mumewe, Fabiani, alikaa mwisho wa benchi akichezea funguo za pikipiki. Rukaya alisema ameshakuja barazani mara nyingi, na kila akirudi nyumbani kipigo kinazidi. Aliomba hati aende mahakamani.

Mwenyekiti, mzee Stefano, alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akamgeukia Fabiani, naye akamsikiliza bila kumkatiza. Fabiani alisema ni hasira za kawaida, na mke wake ana mdomo.

"Tumesikia pande zote," mzee Stefano akasema. "Mama, rudi nyumbani, mkazungumze. Mje tena baada ya mavuno." Akamtazama Mwantumu akitabasamu. "Si ndivyo ulivyotufundisha, Mwalimu? Mlango wa mazungumzo usifungwe."

Maneno yalikuwa ya Mwantumu kweli, neno kwa neno, na sasa yalikuwa yanamrudisha mtu kwenye kipigo. Akasimama.

"Mzee Stefano, shikamoo."

"Marahaba."

"Huyu mama amevunjwa mkono. Mnasuluhisha nini hapa? Mkono na fimbo?"

Wajumbe wakaguna. Mzee Stefano akaacha kutabasamu. "Wewe ni mgeni, Mwalimu. Umekuja kutazama. Na samahani nikikuuliza, wewe una mume?"

"Sina. Na daktari aliyemfunga bendeji hakuulizwa kama naye ameshavunjika mkono."

Mwanafunzi mmoja, Catherine, akainama kwa Rukaya, akamuuliza kwa sauti ndogo jambo ambalo baraza zima halikuwa limeuliza. "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka nilale," Rukaya akasema, "bila kusikilizia mlango."

Fabiani akaacha kuchezea funguo. Lakini mzee Stefano alikuwa ameshaudhika mbele ya watu wake, akatangaza kikao kimefungwa. Mwantumu akakaa kwenye benchi, kando ya Rukaya.

"Hatutoki," alisema. "Andikeni kwamba mmeshindwa. Kukiri mmeshindwa si aibu, ni kazi mliyopewa na sheria. Aibu ni kumrudisha huyu."

Wakamwambia wataita mgambo. Akawaambia wawaite, na wakishafika wampeleke Fabiani polisi, maana kuvunja mtu mkono ni kosa la jinai. Fabiani alitoka, na pikipiki yake ikasikika ikiondoka. Jua lilikuwa limeshageuka pale katibu alipochoka, akaijaza hati, na mzee Stefano akaitia saini bila kumtazama mtu.

Mahakama ilivunja ndoa na kumpa Rukaya nusu ya shamba walilolima pamoja. Kwa Mwantumu, mambo yaliharibika. Malalamiko yalifika chuoni, naye akaitwa mbele ya kamati.

"Msomi hutazama, haingilii," Gerald alimwambia. "Umeharibu ziara ya mafunzo, umelidhalilisha baraza."

"Ningetazama mpaka avunjwe na wa pili?"

"Hasira zako zinakuponza, Mwantumu."

"Bora zangu kuliko utulivu wako. Utulivu wako haujawahi kumtoa mtu popote."

Walimzuia kupeleka wanafunzi nje ya chuo, na uprofesa aliokuwa akiusubiri ukawekwa kando. Alilia ofisini, amefunga mlango, akiwa na hasira na chuo, na mzee Stefano, na zaidi na kurasa za utafiti wake mwenyewe, ambazo hazikuwa na hata aya moja kuhusu wakati ambao usuluhishi haufai kabisa. Akaliandika upya somo lote. Sasa wanafunzi wake hawajifunzi neno la kupatanisha kabla hawajajua kuuliza, kila upande peke yake, "Uko salama nyumbani?" Asiyeweza kuuliza hivyo hafaulu. Jumamosi anakaa kwenye kibaraza cha nyumba ya mama yake Kilole, na wanawake wanashuka kutoka milimani na kuja kutoka Handeni kumuona.

Fabiani alikata rufaa, na mahakama ya juu ikapunguza sehemu ya Rukaya kwa maelezo kwamba kazi za nyumbani hazikuthibitishwa vya kutosha. Mwantumu alikwenda na hukumu hiyo darasani, akaisoma kwa sauti.

"Hazikuthibitishwa," alirudia. "Alipika, akalima, akazaa, akachota maji. Alitakiwa alete shahidi gani, ndoo?"

Wengine walicheka. Yeye akaanza kuwagawia nakala za hukumu.

"Kila mmoja aiandike hukumu hii upya, kama ilivyopaswa kuandikwa. Kesho asubuhi nazitaka mezani kwangu. Siku moja mmoja wenu atakaa kwenye kiti cha hakimu, na mimi sitaki kuja kumsomea hukumu yake hivi."

Rukaya analima robo aliyobakiwa nayo. Amepanda mahindi na kunde, amejenga chumba kimoja cha matofali. Rufaa yake mwenyewe, iliyoandikwa na Mwantumu, bado haijapangiwa tarehe.