Meya wa Soseji

Kwa heshima zote, na kwa kengele ya kanisa iliyolia mara mbili kwa sababu kabla ya mlio wa tatu kamba ilikatika, wakazi wa Korrindi, Queensland, wanatangaziwa kwamba utawala wa Meya Clarrie Kratzmann, wa miaka thelathini na miwili, umefika mwisho.

Kabla ya umeya alikuwa mbunge wa jimbo kule Brisbane. Kwa miaka sita alisimama kuzungumza mara tatu: mara mbili aliomba dirisha lifungwe, mara ya tatu lifunguliwe.

Umeya aliupata kwa jiko. Kwetu kupiga kura ni lazima kisheria, na hakuna anayepiga bila kula soseji ndani ya kipande cha mkate, na vitunguu juu. Clarrie aliweka jiko lake pale shuleni, hatua moja nje ya mstari ambao ndani yake wagombea hawaruhusiwi kufanya kampeni. Chaguzi nane, koleo la kugeuzia soseji hakumwachia mtu.

Safari hii alitaka muhula mmoja tu zaidi, azindue bwawa la kuogelea alilotuahidi kwenye muhula wa kwanza. Mpinzani wake alikuwa Leonie Pascoe, daktari wa mifugo aliyehasi nusu ya mbwa wa mji, kwa hiyo wanaume walimheshimu sana.

Siku ya kura, saa kumi jioni, mkewe, Merle, akamjia jikoni pale.

"Mzee, umeshapiga kura?"

"Foleni ikipungua."

"Foleni gani? Ndani hakuna mtu. Wote wako kwako."

"Basi hii ikipungua."

Leonie naye alikuwa amepanga foleni. "Mbili, Mheshimiwa. Na vitunguu usinibanie."

"Umempigia nani?"

"Mimi mwenyewe. Wewe je?"

"Niko kazini, huoni?"

"Haya, kaka. Geuza hiyo, inakauka."

Saa kumi na mbili mlango ukafungwa. Kesho yake msimamizi akasoma matokeo ukumbini: Pascoe kura 2,114, Kratzmann 2,113. Akakohoa. "Na jina la Meya kwenye daftari la wapiga kura halina alama. Hakupiga. Angepiga, wangelingana."

Mwandishi wa gazeti akatoa kalamu, tayari kwa maneno ya kuchongwa kwenye jiwe.

Merle akamgeukia mumewe. "Hatua ishirini tu mpaka mlangoni, Clarrie. Kwa nini hukuingia?"

Clarrie akanusa mkono wa shati lake.

"Vitunguu vingeungua."