Kahawa ya Maji ya Ukutani

Jambo hili lingemfika mtu mwengine ningecheka mpaka nikae chini, lakini limenifika mimi, tena mbele ya mkwe mwenzangu, na kwa kuwa yeye ameshalieleza Maskati nzima kwa namna yake, bora na mimi nilieleze kwa namna yangu, ambayo ndiyo ya kweli.

Nyumba yangu ipo Wattaya, nimekaa humo tangu marehemu mume wangu yu hai, na mwanangu Salim kila siku ananishikilia niiache nikakae kwake Sib. "Mama, umekuwa mtu mzima, nyumba kubwa, uko peke yako." Jawabu yangu ni moja: siku nikishindwa kuiangalia nyumba yangu, siku hiyo nitafunga mizigo mwenyewe. Basi bomba la tangi la juu ya paa likapasuka (jua la huku linapika kila kitu, hata plastiki) na mimi nipo harusini Matrah, maji yakateremka ndani ya ukuta, kurudi nakuta sebule imekuwa bwawa na zulia linaelea.

Salim akasema italetwa kampuni ya kukausha nyumba. Nikamwambia kampuni ya nini, nchi hii ukianika kanga hujamaliza kuibana imeshakauka, fungua madirisha, khalas. Akasema maji yaliyoingia ukutani hayaoni jua, yataotesha kuvu humo, nyumba inuke na mimi nikohoe. Halafu akaongeza, "Ikishakauka, mama, tutazungumza." Nilijua tutazungumza nini.

Wakaja mafundi, wakafunga maji ya nyumba nzima, wakakunja zulia, wakatoboa vitundu chini ya ukuta, wakapulizia dawa ya kuvu, wakaweka mafeni yanayonguruma kama ndege inataka kuruka, na mashine moja ya kufyonza unyevu ambayo maji yake yanatoka kwa mpira yanaingia kwenye ndoo. Mkubwa wao kijana wa Kenya, Wekesa, adabu anayo, ila ananiita nyanya, kwao ndiyo bibi, na kwetu nyanya inatiwa kwenye mchuzi (nimemsamehe). Kila akija anapima maji ya ndoo kisha anayamwaga, na mimi roho inaniuma. Maji meupe, safi kama ya chupa, yanamwagwa katika nchi ambayo mvua tunaisalia!

Siku yenyewe, baada ya alasiri, maji ya chupa nimeyamaliza kwa udhu na vyombo, Salim ataleta mengine akitoka kazini, mara hodi. Nani? Bi Zuwena, mama yake mke wa Salim, na mdogo wake Bi Thuraya, wamekuja kunipa pole. Huyu Bi Zuwena macho yake yanafagia nyumba ya mtu kabla hajavua viatu, na anayoyaona yanamfikia Salim kabla yeye hajafika kwake. Nikajua, mgeni huyu akitoka kwangu bila kahawa, basi mimi nimeshahamia Sib.

Nikawaweka chumba cha ndani, halwa ipo, tende zipo, maji hakuna hata tone. Wekesa yupo nje kwenye gari lake anazungumza na simu, lakini mimi, mwenye nyumba, nikamuombe fundi maji ya wageni wangu? Hapana. Nikaitazama ndoo. Nikajiambia, haya yametoka hewani, na moto husafisha kila kitu. Nikachota, nikachemsha, nikatia kahawa, iliki, na marashi mawaridi zaidi ya desturi (kwa ajili ya harufu kidogo ya zulia, sisemi uongo).

Bi Zuwena tangu nimjue hajapata kukisifu changu. Siku ile akanywa, akafumba macho. "Bi Asha! Leo kahawa imekaa! Umetia nini?"

"Iliki tu, mkwe wangu."

Mtu akitosheka hukitikisa kikombe, yeye hakitikisi, ananirejeshea nimjazie, na tena, na tena. "Salim anasema nyumba imekushinda," anasema, "mimi sioni kilichokushinda." Nikavimba kichwa. Nikamwambia, "Kamwambie hivyo hivyo."

Mara Wekesa huyo mlangoni. "Hodi, nyanya. Pole, sikujua uko na wageni. Yale maji ya kwa ndoo umeyamwaga? Nilikuwa nataka kuyapima."

Angekuwa mmoja wa wale wenzake wanaosema Kihindi tupu, ningesalimika. Huyu kasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kushinda mafeni.

"Yamekwisha," nikasema.

"Yamekwisha vipi, nyanya? Ndoo ilikuwa karibu kujaa! Usiwe umemwagia maua, yale yanaweza kuwa na ile dawa ya ukuta, na uchafu wa zulia."

Bi Thuraya akalitazama birika. Bi Zuwena kikombe kipo mdomoni.

"Bi Asha," akasema polepole, "maji ya kahawa hii umeyatoa wapi?"

Uongo sijauzoea, na umri huu si wa kujifunza. Nikasema, "Ya ndoo mnayo matumboni."

Wallahi mwanamke yule aliitemea shela yake mwenyewe, ya hariri, akakimbilia chooni kusukutua, akafungua mfereji, mfereji ukakohoa upepo. "Maji! Nipeni maji!" Majirani wakajaa mlangoni wakidhani mtu kafa. Bi Thuraya kalala juu ya mito anacheka machozi yanamtoka. "Dada, umekunywa ukuta! Si ulisema imekaa?" Wekesa akatoka mbio, akarudi na katoni zima la maji ya chupa begani, lilikuwamo garini siku zote. "Nyanya, si ungeniambia tu?"

Salim naye akafika, akaelezwa na watu sita kwa pamoja. Akanitazama. "Basi, mama. Leo unafunga mizigo." Maneno ya kufunga mizigo yalikuwa yangu mwenyewe. Nikainuka kutafuta mkoba.

Bi Zuwena akatoka chooni anajifuta mdomo. "Unampeleka wapi huyu?"

"Kwangu."

"Kwako ndiko kwa mwanangu! Mimi kaninywesha ukuta, wajukuu zangu si atawapikia mchuzi wa maji ya kiyoyozi? Jiko la mwanangu haliingii! Muache hapa hapa, na nyumba yake, na ndoo zake!"

Salim ananiogopa mimi kidogo, mkwewe anamuogopa sana. Akaniambia nikae.

Ukuta umekauka, hakuna aliyeumwa, alhamdulillahi, na mimi nipo kwangu Wattaya mpaka leo. Lakini kuomba maji hakunishindi tena, kwa fundi, kwa jirani, hata kwa mpita njia, kwa sababu niliona haya kwa mtu mmoja nikaja kuaibika kwa mtaa mzima. Na mgeni wangu siku hizi simuachi na wasiwasi, chupa naifungua mbele yake, aisikie inavyolia, ndipo maji niyaweke motoni. Bi Zuwena huomba aifungue mwenyewe.