Mdomo wa Shamba Ulikuwa Wangu

Nilimchukia yule dresa aliyeletwa kutibu wafanyakazi kabla hajafungua sanduku lake la dawa. Alishuka kwenye lori la shamba na baiskeli yake, akawasalimu kwa mkono watu waliokuwa wakipakua magunia, mmoja baada ya mwingine, na jua lilipotua watoto wote wa laini, yaani nyumba za wafanyakazi, walikuwa wameshamjua. Mimi nilikuwa karani wa shamba lile kwa mwaka wa sita, na watoto hao hao wakiniona walikimbilia nyuma ya nyumba.

Lilikuwa shamba la mzungu mmoja, juu ya Gilgil, la ng'ombe wa maziwa na pareto. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wafanyakazi wengi wa zamani walikuwa wameondolewa, na nyumba zao zikajazwa na watu kutoka magharibi, hata ukipita kwenye laini asubuhi ulisikia lugha nne kabla ya kufika bombani. Bwana alijua Kiswahili cha kuamrisha tu. Kwa hiyo kila alfajiri kipande cha reli kilipogongwa na wanaume wakajipanga mbele ya stoo, mimi ndiye niliyepanda juu ya kreti na kutangaza: kazi ya leo, sheria mpya, nani anahamishiwa wapi. "Wewe ni mdomo yangu," bwana aliniambia siku moja, na maneno hayo niliyatunza moyoni kuliko mshahara.

Nilitangaza kwa Kiswahili safi nilichofundishwa shule ya misheni, na methali juu yake. Nikimaliza nilipaza sauti, "Mmesikia?" Nao walijibu kwa pamoja, "Ndiyo, Karani!" Kwangu hiyo ilitosha. Sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja alichosikia.

Dresa hakupanda juu ya kitu chochote. Aliketi juu ya sanduku lake, akasema jambo taratibu, kisha akamgeukia mtu yeyote, hata bibi kizee, "Sasa wewe niambie. Nimesema nini?" Bibi akikosea walicheka wote, naye dresa anacheka, anarudia upya. Niliona ni mchezo wa kitoto. Lakini baada ya mwezi mmoja watu wa laini walikuwa wanachemsha maji ya watoto, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelitangaza mara tatu bila mtu kubandika sufuria.

Hata nyumbani kwangu aliingia. Jioni moja mke wangu aliniwekea ugali akasema, "Dresa amesema tufungue dirisha mchana."

"Dresa, dresa! Kwani mimi sisemi?"

"Wewe unatangaza," akajibu, akaendelea kupakua mboga.

Chakula kilinishinda siku hiyo. Nasema ukweli, kama angeniambia ana mpenzi nisingeumia zaidi.

Ndipo ikaja dawa mpya ya kupe. Ile ya zamani ilikuja kwenye pipa kubwa lililokaa palepale kwenye josho la ng'ombe. Hii mpya ilikuja kwenye madebe, mazuri, yanayong'aa, ya kumtia tamaa mwanamke yeyote anayechota maji. Bwana alituita mimi na dresa kwenye baraza la ofisi. Alisema dawa hii ni sumu kali. Debe likiisha litobolewe na lizikwe, na asionekane mtu amelipeleka nyumbani. "Karani, tangaza," akasema.

Tulipotoka dresa alinifuata. "Karani, asubuhi ni wanaume peke yake. Wenye kuchota maji ni akina mama, na wao wanafika kwa pareto umande ukikauka. Wacha Jumamosi wakija kwa posho niwaambie, kidogo tu."

Alikuwa anasema kweli. Nilijua palepale kwamba ni kweli, na hilo ndilo lililonichoma.

"Shamba halina midomo miwili," nikamwambia. "Wewe shika bandeji yako."

Aliniangalia kidogo. "Sawa, Karani. Lakini basi uwaambie wewe."

"Nitawaambia."

Ijumaa alfajiri nilitangaza, na nilitangaza vizuri kweli. Nilimalizia na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wanaume wakajibu ndiyo, wakaenda kazini. Jumamosi nilisimama mlangoni mwa stoo nikipima posho, akina mama wamepanga foleni na vikapu vyao, na dresa ameketi ng'ambo, mlangoni pa chumba chake cha dawa, ananitazama. Ningeweza kusema. Lakini foleni ile ilitaka mtu wa kuketi nao na kuzungumza, yaani ilitaka mtindo wake, na sikutaka aone namuiga. Nilipima unga mpaka kikapu cha mwisho, nikafunga stoo. Nyumbani pia sikusema. Mambo ya kazi niliyaacha kazini.

Jumapili nilirudi kutoka kanisani nikamkuta binti yetu wa miaka mitatu akitapika, vidole vinamtetemeka. Kando ya mlango palikuwa na debe jipya linalong'aa, limepigiliwa kijiti cha kushikia. Mke wangu alikuwa amelipata kwa mke wa mtu wa josho, kwa viazi vitamu.

"Amekunywa maji ya wapi?"

"Ya hii debe. Nimeiosha na majivu mara tatu."

"Si nilitangaza!"

"Ulitangazia nani?"

Nilikimbia kumwita dresa, mimi mwenyewe, na suti yangu ya kanisani. Alifika akachuchumaa mbele ya mke wangu, si mbele yangu. Akamuuliza kwa sauti ya chini mtoto amekunywa lini, kiasi gani, nani mwingine amekunywa. Bwana akatoa lori lituchukue hospitali Nakuru. Mbele waliketi mama na mtoto na dresa. Mimi nikapanda nyuma kwenye magunia. Kupitia kioo kidogo niliuona mkono wa dresa umeshika kichwa cha mwanangu. Nilikuwa nikiomba Mungu kwa sauti, na katikati ya maombi nilitamani mkono ule ungekuwa wangu, au usingekuwapo kabisa.

Mtoto alipona. Waliporudi kutoka hospitali nilimwendea dresa, nikaweka kiburi chini, nikamwambia Jumamosi aseme yeye.

"Hapana," akasema. "Aseme mama. Debe ilikuwa yake."

Jumamosi mke wangu alikigeuza kikapu chake, akakikalia mbele ya foleni, mtoto mgongoni. Akawasimulia yote, Kiswahili kikikwama anachomeka lugha za majirani alizookota bombani. Hakunificha. "Mwenye kutangaza ni bwana yangu," akasema, "na mimi nalala nyumba moja na yeye, sikusikia kitu. Kinyozi hajinyoi." Walicheka. Halafu akamnyooshea kidole mama mmoja mgeni. "Sasa wewe niambie. Nimesema nini?"

Yule mama alisema yote, neno kwa neno. Na kabla ya jua kutua wanawake walikuwa wameleta madebe, wakayarundika mbele ya stoo, rundo likalipita kreti langu kwa urefu.

Nikisimulia habari hii watu hungoja niseme nilifurahi. Nilimshukuru Mungu, ndiyo. Lakini nilisimama pale mlangoni na kipimo cha unga mkononi, mwanangu yu hai mgongoni mwa mama yake, na nilichokuwa nikiwaza ni kwamba miaka sita juu ya kreti, hakuna siku hata moja waliyonisikiliza mimi namna ile.